Clifton Davis: Mchungaji wa Kweli Kwenye Kichekesho cha Runinga

Jumamosi usiku, tarehe 27 Septemba 1986, kituo cha NBC cha Marekani kilianza kurusha kichekesho kipya, Amen. Kilihusu kanisa la Wamarekani weusi mjini Philadelphia. Shemasi wake, Ernest Frye, alilichukulia kanisa kama urithi wa baba yake, na mchungaji mpya, Reuben Gregory, alikuja na mawazo yake mwenyewe. Sherman Hemsley alicheza shemasi. Mchungaji alikuwa Clifton Davis, mtu aliyekwishasomea uchungaji.

Davis alizaliwa Chicago mwaka 1945, baba yake akiwa mchungaji wa Kibaptisti. Jina lake, hata hivyo, lilivuma kwanza katika muziki. Ndiye aliyetunga "Never Can Say Goodbye", wimbo ambao Jackson 5 waliufikisha nafasi ya pili kwenye chati ya Billboard mwaka 1971, na Gloria Gaynor akauimba upya kwa mtindo wa disko. Mwaka 1972 aliwania tuzo ya Tony kwa uigizaji wake Broadway. Miaka miwili baadaye ABC ikampa nafasi ya kinyozi katika That's My Mama, kipindi ambacho hakikudumu.

Kisha kokeini ikamshika, na mwenyewe amelisimulia hilo hadharani mara nyingi. Alipookoka hakuishia kutoa ushuhuda. Alikwenda Oakwood, chuo cha Waadventista Wasabato huko Huntsville, Alabama, akakaa darasani na vijana wadogo kuliko yeye hadi akapata shahada ya theolojia mwaka 1984. Baadaye akachukua ya uzamili Chuo Kikuu cha Andrews, Michigan. Mtu aliyezoea kupigiwa makofi Broadway kurudi kuandika insha za Biblia si jambo dogo, nami naliheshimu kuliko tuzo zake zote.

Kwa hiyo NBC ilimkuta mtu anayeijua mimbari. Hemsley alipopaza sauti na kurukaruka, Davis alitulia, akamsikiliza mwenzake mpaka mwisho, ndipo akajibu kwa upole, kama mchungaji anayekabili wazee wa kanisa wenye hasira. Kwenye viti vya waumini alikuwamo pia Jester Hairston, aliyezaliwa mwaka 1901, bingwa wa nyimbo za kiroho. Katika filamu ya Lilies of the Field ya mwaka 1963, sauti inayosikika Sidney Poitier anapoongoza wimbo wa "Amen" ni ya Hairston.

Tukumbuke pia wakati wenyewe. Machi 1987 mhubiri wa runinga Jim Bakker alijiuzulu kwa kashfa, na Februari 1988 Jimmy Swaggart akalia mbele ya kamera akiungama. Wahubiri waliokuwa wakichangisha mamilioni hewani walikuwa wakianguka, na kila Jumamosi familia zilimwona Reuben Gregory akihangaikia gharama za paa na ugomvi wa kwaya. Katika miaka hiyohiyo Davis alihudumu kama mchungaji msaidizi kanisani Loma Linda, California.

Wapo wanaoamini kwamba aliyeokoka lazima alihame jukwaa. Davis hakulihama. Amen iliisha Mei 1991, akaendelea kuhubiri na kuigiza. Mwaka 1999 alikuwa meya wa Miami katika filamu ya Any Given Sunday, na mwaka 2014, akiwa na miaka 68, akasimama tena Broadway kama Sultani katika Aladdin.