Ukingo wa Ntahangwa na Kampasi ya Mutanga

Chuo Kikuu cha Burundi, kilichotokana na Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura cha mwaka 1964, kina kampasi yake ya Mutanga kwenye miteremko ya mashariki ya jiji la Bujumbura, karibu na bonde la Mto Ntahangwa, na hapo mpaka kati ya majengo na maumbile haujapata kutulia mahali pamoja. Mto huu hushuka kwa kasi kutoka Mumirwa, yaani ukanda wa milima mikali unaoinuka juu ya tambarare ya Imbo, na wakati wa masika maji yake, mekundu kwa udongo, huchimba chini ya genge hadi tabaka la juu, likikosa tegemeo, liporomoke pamoja na miti, uzio na hata nyumba.

Si haki, hata hivyo, kuulaumu mto peke yake. Kila paa la bati na kila barabara ya lami huyazuia maji kuzama ardhini na kuyasukuma bondeni kwa mkupuo mmoja, huku mtoni mkichimbwa mchanga na mawe ya kujengea jiji lenyewe. Kingo zilizoimarishwa zimewekewa gabioni, ambazo ni vikapu vya waya vilivyojazwa mawe na kupangwa kama ngazi: maji hupenya kati ya mawe bila kuubomoa ukuta, matope hunasa humo, na majani huota juu ya waya. Ukuta wa namna hii hudumu pale tu mitaro ya juu yake inapozibuliwa, kwa kuwa maji yanayopita nyuma yake huung'oa wote.