Kovu la Momiji, Kovu la Mwembe

Mnunuzi anayeijua miche, akifika kwenye kitalu cha miembe Mkuranga au Makueni, haanzi na majani. Anainama. Anatafuta kovu, shubiri moja au mbili juu ya udongo, pale shina linapobadili unene na rangi ya gome, na asipoliona anaurudisha mche chini. Kovu ndilo linalomwambia kwamba mche umebebeshwa, kwamba hautamweka miaka mingi akisubiri embe asilolijua. Huko Omiya, Japani, panapojulikana kwa vitalu vya bonsai, yaani miti inayotunzwa ibaki midogo chunguni, mpenzi wa miti naye huinama mbele ya momiji aliyepandwa kwenye chungu. Hutazama mahali palepale, kwa makini yaleyale. Ila yeye akiliona kovu, thamani ya mti imeshuka.

Kazi ni moja: tawi changa la mti unaotakiwa, yaani kikonyo, huunganishwa na mche uliotokana na mbegu, mpaka viwili hivyo vinywe maji kwa mizizi ya mmoja. Kwa nini basi alama ya kazi hiyo iwe ushahidi huku na doa kule? Sidhani jibu limo katika ustadi, maana mikono ni hodari pande zote mbili. Limo katika kile ambacho mwenye mti anataka kupewa, na katika miaka anayotarajia kukaa akiutazama.

Momiji, unaouzwa Ulaya na Marekani kama mepo wa Kijapani, ni mti mdogo wa misitu ya Japani na Korea. Msweden Carl Peter Thunberg, aliyekuwa daktari wa Waholanzi kwenye kisiwa cha Dejima mwaka 1775 na 1776, aliuchapisha kwa jina la kisayansi la Acer palmatum mwaka 1784. Wakati huo watunza bustani wa Japani walikuwa wameshaupa majina yao wenyewe kwa vizazi kadhaa. Katika kijiji cha Somei, pembezoni mwa jiji la Edo ambalo leo ni Tokyo, ukoo wa Ito ulikuwa na kitalu kikubwa, na wakuu wake walilirithi jina la Ito Ihei. Kitabu chao cha mimea ya bustani kilitoka mwaka 1695, na toleo lililopanuliwa likafuata mwaka 1710. Momiji wamo, aina kwa aina, kila mmoja na jina lake.

Majina hayo yasingedumu bila kisu. Mbegu ya momiji haiahidi kitu. Chukua mbegu mia moja chini ya mti wenye majani mekundu, uzilaze kwenye mchanga wenye unyevu katika baridi ya miezi mitatu au minne ili zikubali kuota, na utapata watoto wa kila namna: wekundu, wa kijani, wenye jani pana, wenye jani lililochanika hadi karibu na shina lake, warefu, vibete. Hakuna hata mmoja atakayekuwa mama yake. Wingi huo ni neema, maana aina zaidi ya elfu moja zenye majina zimetokana nao. Lakini mti mmoja unaopendwa hauwezi kurudiwa ila kwa kukatwa kitawi na kubebeshwa, au kwa njia nyingine isiyopitia mbegu. Somei hiyohiyo imelipa jina lake ua maarufu kuliko yote Japani, ua la mcheri wa Somei-yoshino. Mcheri huo nao huzalishwa kwa kubebeshwa, hivyo miti yote ya aina hiyo nchini, mbugani, kando ya mito na kwenye viwanja vya shule, kwa asili ni mti mmoja. Ndiyo maana huchanua pamoja kila mji ukifikiwa na joto lake, na ndiyo maana watabiri wa hali ya hewa wanaweza kuufuatilia mstari wa maua ukipanda kutoka kusini kwenda kaskazini.

Kazi yenyewe inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu hapo ndipo momiji na mwembe vinapoachana. Momiji hubebeshwa hasa Januari na Februari. Mche wa mbegu wenye miaka miwili au mitatu, shina lake unene wa penseli, huingizwa ndani ya nyumba ya vioo wiki chache kabla, mpaka mizizi ianze kutoa ncha nyeupe. Kikonyo hukatwa nje kwenye baridi, kikiwa bado kimelala. Huku chini pameamka, huku juu hapajaamka, na tofauti hiyo ndiyo inayotafutwa: maji yawe tayari kupanda kabla machipukizi hayajadai chochote. Mkato hupigwa ubavuni mwa shina, chini kabisa karibu na udongo, ukibandua ulimi mwembamba wa gome na mti wenye urefu wa sentimita mbili au tatu. Kikonyo huchongwa pande mbili kikaingizwa humo. Kwa kuwa mara nyingi ni chembamba kuliko shina, hakiwekwi katikati. Husogezwa upande mmoja ili ule utando mbichi ulio chini ya gome ugusane na mwenzake. Kisha hufungwa kwa utepe wa mpira na kufunikwa plastiki ili kisikauke.

Na kichwa cha mche wa chini hakikatwi. Mwenye kuzoea miembe hushangaa hapa, kwa kuwa sisi huanza kwa kukata kichwa: shina hufyekwa, hupasuliwa katikati, kikonyo kilichochongwa kama kabari huchomekwa, na kifuko cha plastiki huvishwa juu mpaka chipukizi lisukume. Momiji akifanyiwa hivyo mwisho wa baridi, maji yanayopanda kwa nguvu kutoka mizizini hufurika kwenye jeraha na kukizamisha kikonyo. Matawi ya zamani huachwa yayavute maji hayo na kuyatumia, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kadiri mgeni anavyopata nguvu, hadi siku ya mwisho yanapoondolewa yote. Nalipenda sana jambo hili. Mche unaotolewa mhanga ndio unaomlea mrithi wake, na mkulima analazimika kuheshimu utaratibu huo, la sivyo anapoteza vyote viwili.

Wapo wanaobebesha Agosti pia. Majani ya kikonyo hukatwa yakabaki mashina yake tu, na baada ya wiki mbili au tatu mkulima hugusa moja kwa ncha ya kidole. Likidondoka lenyewe, kikonyo ki hai. Likiwa limesinyaa na kung'ang'ania, kimekufa.

Tuseme kimeshika. Miaka inapita, na kovu linaanza kuonyesha tabia yake. Sehemu ya chini ina gome lake na mwendo wake wa kunenepa, ya juu ina vyake. Zikitofautiana, shina huvimba au hubana kwenye kiungo. Aina ya Sango-kaku, yenye matawi ya rangi ya marijani wakati wa baridi, ikipachikwa juu ya mche wa kawaida wa kijani, mstari wa mpaka huonekana kwa mbali mti ukiwa bado mdogo. Kwenye bustani kubwa jambo hilo linaweza kufichwa na majani yaliyoanguka. Kwenye chungu cha bonsai hapana pa kuficha, kwa sababu jicho la Mjapani huanza kusoma mti kutoka mizizini: jinsi mizizi inavyosambaa juu ya udongo, jinsi shina linavyopungua unene bila kukatika. Kovu ni kituo mahali ambapo jicho halikutaka kusimama.

Kwa hiyo mafundi wa bonsai hutumia njia zisizoacha habari. Mojawapo ni kutounganisha kabisa: gome la tawi hubanduliwa kwa duara, likafungwa kwa kitu chenye unyevu mpaka litoe mizizi, kisha hukatwa likawa mti unaosimama kwa miguu yake. Nyingine, ninayoiona ya werevu mkubwa kuliko zote, hutumika pale tawi linapokosekana kwenye shina. Fundi hutoboa tundu kupita upande hadi upande, huchukua chipukizi refu la mti uleule, hulitoa majani, na kulipitisha tunduni kama uzi kwenye sindano. Chipukizi huendelea kulishwa na mama yake nyuma, huku likinenepa ndani ya tundu mpaka gome lake libane na kushikana na la shina. Likishashika, la nyuma hukatwa. Kwa kuwa ni mti mmoja kwa pande zote, gome halina tofauti, na baada ya miaka michache hata aliyeifanya kazi hiyo huweza kupapasa asipaone.

Vitalu vya Marekani na Ulaya vimechukua kisu kilekile vikaelekea kwingine. J. D. Vertrees, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa na kitalu Roseburg, Oregon, alitoa mwaka 1978 kitabu kiitwacho Japanese Maples, kikawa rejea ya wakusanyaji kwa Kiingereza. Huko mti husomwa kuanzia kwenye lebo. Aina zenye jani lililochanika na matawi yanayoinama hubebeshwa juu, pengine kimo cha mtoto, ili maporomoko ya majani yaanze hapo. Kiungo kipo wazi mbele ya kila mtu na hakimsumbui mtu. Ufumbuzi huo una manufaa, na umewafikishia mti huu watu wenye bustani ndogo ya nyuma ya nyumba ambao wasingengoja nusu ya maisha. Lakini hulea uzembe. Wasomaji wetu walioko nchi za baridi wanaweza kuwa wameona: momiji mwekundu aliyenunuliwa kwa bei, baada ya miaka mitano ni wa kijani nusu, na mwenyewe anadhani mti umegeuka. Haukugeuka. Machipukizi yametoka chini ya kovu, ya ule mche wa mbegu, na kwa kuwa una nguvu zaidi unamnyonga mgeni. Asiyejua kovu liko wapi hajui akate wapi.

Hamu ya kuunganisha ni ya kale kuliko bustani hizi zote. Jia Sixie wa China, katika karne ya 6, alieleza jinsi ya kupachika peasi juu ya peasi mwitu. Ibn al-Awwam wa Sevilla, katika karne ya 12, aliitengea kazi hii nafasi kubwa katika kitabu chake cha kilimo. Na Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi, aligeuza mambo makusudi: tawi la mzeituni mwitu juu ya shina la mzeituni mwema, kinyume cha afanyavyo mkulima. Kwa wote hao swali lilikuwa nini kinaweza kukubaliana na nini. Kovu halikuwahusu.

Sisi linatuhusu kwa sababu ya uaminifu. Mwembe wa kubebeshwa huanza kuzaa mapema kuliko wa mbegu, kwa miaka kadhaa, na mkulima anayekopa kununua miche hawezi kusubiri ili ajue kama alidanganywa. Kule Mtwara, ambako watafiti wa kituo cha Naliendele wameieneza mikorosho ya kubebeshwa na hata mbinu ya kuifyeka mikorosho mizee na kuyabebesha machipukizi yake, hesabu ni ileile. Katika soko ambamo mche hauna cheti, kovu ndilo cheti. Nalielewa jicho hilo, na sioni kuwa ni duni kuliko la Omiya. Ni jicho la mtu ambaye mti ni ada ya mtoto wake.

Hata hivyo kovu linathibitisha machache kuliko tunavyoliamini. Linasema kitu kimepachikwa. Halisemi ni kitu gani. Tapeli naye ana kisu. Na juu ya mche wa chini halisemi lolote, wala hakuna anayeuliza, Makueni, Omiya au Oregon. Momiji hupachikwa juu ya mche wowote wa mbegu ulioota vizuri. Mwembe hupachikwa juu ya kokwa zilizookotwa sokoni. Wakulima wa matofaa waliliacha zoea hilo zamani. Kituo cha East Malling, Kent, kiliipanga na kuipa namba mizizi ya kubebeshea, na leo mnunuzi wa mtofaa Ulaya hutajiwa majina mawili: la tunda, na la mzizi, M9 kwa mti mfupi wa kuegemezwa, MM106 kwa mti wa kimo cha kati. Mzizi ndio unaoamua kimo, na unachangia sana lini mti utazaa na udongo upi utauvumilia. Kitalu cha miembe kinachochukua kokwa zake zote chini ya mti mmoja unaojulikana, uliovuka ukame uliowaua majirani zake, tayari kina jina la pili la kuandika kwenye kifuko. Kinachohitajika ni kalamu isiyofutika, na mnunuzi anayeuliza.