Boksi, Reki na Uwanja wa Nyumbani: Gari Kuukuu Magharibi mwa Nairobi

Kutoka Waithaka hadi uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road si mbali, hata ukikutana na msongamano wa jioni pale Dagoretti Corner. Lakini pande hizi mbili hazijawahi kuelewana kuhusu gari kuukuu. Uwanjani ndiko kwa miaka mingi kumefanyika mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa mwaka 1970 na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo. Majaji huchungulia chini ya gari, hufungua boneti, huangalia buti, hupitisha kidole mahali ambapo mwenye gari alidhani hapana mtu atakayepafikia. Huku Waithaka, fundi aliyelala juu ya katoni haulizi kama bolti ilitoka kiwandani. Anauliza kama itashika.

Mimi ni wa upande wa katoni, na niseme mapema ili msomaji asije akanilaumu baadaye. Historia ya gari Nairobi ni historia ya gari lililobadilishwa.

Chukua Ford Mustang, gari la Kimarekani lenye boneti ndefu na ngurumo ya V8, ambalo vijana wa mji huu wamelijua zaidi kwenye sinema kuliko barabarani. Lilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964. Kwa nusu karne na zaidi kiwanda kililitengeneza na usukani upande wa kushoto tu. Mustang ya usukani wa kulia iliyotoka kiwandani ilianza kuundwa mwaka 2015. Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na sheria yetu ya trafiki haikubali gari la usukani wa kushoto lisajiliwe, isipokuwa machache ya kazi maalumu. Kwa hiyo anayetaka Mustang ya zamani iliyo na namba za Kenya hana budi kumpata fundi wa kuhamisha usukani. Kabla ya rangi, kabla ya rimu pana, kabla ya ekzosi ya kuamsha mtaa, kazi ya kwanza imeamriwa na sheria.

Wamarekani wenyewe walionja barabara zetu majuma machache kabla ya Mustang kuzinduliwa. Katika mashindano ya magari ya Safari, wakati wa Pasaka ya mwaka huohuo wa 1964, walileta kikosi cha Mercury Comet, magari ya V8 yaliyoandaliwa California na Bill Stroppe. Nguvu hazikuwapungukia, wala fedha. Comet sita zilianza na mbili tu zikamaliza, nazo nyuma kabisa ya orodha, na ushindi ukaenda kwa Peter Hughes katika Ford Cortina GT, gari dogo la Kiingereza. Mmoja wa waliofikisha Comet mwisho alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho. Mwaka uliofuata yeye na ndugu yake Jaswant walichukua Volvo PV544, gari la umbo la zamani lililokuwa limekwisha kutumika katika mbio nyingine, wakashinda nalo Safari ya 1965. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu, na naamini hilo ndilo lililowashinda Wamarekani kulielewa: gari la Safari hushinda gerejini kabla ya kushinda barabarani.

Safari, iliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ndiyo iliyoufundisha mji huu kubadilisha magari. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Barabara za namna hiyo hazimhurumii mtu mwenye gari la kiwandani tupu. Mafundi wakaweka bamba nene la chuma chini ya injini, wakainua sospensheni, wakaongeza matangi ya petroli, wakafunga mabomba mbele ya kuzuia wanyama na vishikio nyuma ili msaidizi wa dereva asimame na kuruka-ruka gari likikwama kwenye tope. Hakuna kitu katika orodha hiyo kilichokuwa urembo. Lakini watoto waliosimama kando ya barabara waliona urembo, na walipokua wakavitaka vitu hivyo kwenye magari yao ya kwenda kazini.

Upande wa pili wa shule hii ulikuwa matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi iliyokuwa ikidaiwa, na ghafla kila pikapu kuukuu ikawa na kazi. Bodi zake hazikutoka Ufaransa wala Japani. Zilikatwa, zikakunjwa na kuchomelewa hapahapa, na spea zake zikatafutwa Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan. Wakereza vyuma walijifunza kutengeneza bushi ambayo wakala hakuwa nayo, au alikuwa nayo kwa bei ya ng'ombe. Jina la jua kali lilipokuja kuzoeleka serikalini katika miaka ya 1980, kazi yenyewe ilikuwa na umri wa mtu mzima.

Sasa kwa nini Waithaka? Jibu langu ni ardhi. Jina lenyewe lina ardhi ndani yake, maana kwa Kikuyu ithaka ni mashamba. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Kiambu, nalo likaingizwa mjini mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963. Familia nyingi za Dagoretti ziliingia mjini zikiwa na mashamba yao, jambo ambalo mpangaji wa Eastlands hakuwa nalo. Na gari kuukuu, kuliko kitu kingine chochote, linahitaji mahali pa kukaa. Peugeot 504 ya babu inaweza kulala chini ya mparachichi miaka kumi, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma, na hakuna mwenye nyumba wa kudai nafasi yake. Nenda Umoja, huko Eastlands, ujaribu hivyo.

Turudi kwenye usukani, maana hapo ndipo penye ufundi. Mustang ya kwanza, kama Corolla DX nyingi za mwanzo wa miaka ya 1980, ilitumia boksi: ndani mna skrubu nene, nati, na gololi zinazozunguka kati yake. Boksi jipya ni zuri na ni imara. Likichakaa linapata plei; dereva anazungusha usukani na magurudumu bado hayana habari. Ndiyo maana wenye magari hayo hutamani reki, ile fimbo yenye meno inayosukumwa kushoto na kulia moja kwa moja, pamoja na pampu ya haidroliki au mota ya umeme ya kupunguza uzito mikononi. Huu ndio wanaouita usukani wa kisasa.

Hapa nacheka kidogo. Peugeot ilikuwa na reki katika 203 ya mwaka 1948. Ikaendelea nayo katika 404, gari lililoshinda Safari mwaka 1963, kisha mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na katika 504, ambayo kwa miaka mingi iliunganishwa Mombasa. Maana yake ni kwamba mama aliyekuwa akienda Nakuru na debe la viazi katika Peugeot ya abiria alikuwa amepanda gari lenye usukani wa kisasa kuliko Mustang ya tajiri wa California. Hakuna aliyemwambia.

Kuhamisha usukani kutoka kushoto kwenda kulia kuna mitego yake. Katika V8 ndogo ya Ford ya miaka ya 1960, stata iko upande wa kulia wa injini, palepale ambapo shafti ya usukani ingependa kupita, na ekzosi nayo inadai nafasi yake. Fundi anapaswa kutengeneza shafti ya vipande yenye viungo vinavyokunja kona. Dashibodi inakatwa, pedali ya breki inahama, waipa zinageuzwa zifagie upande wa dereva. Akileta reki kutoka gari jingine, lazima mabano yakerezwe ili ilale mahali pake hasa. Tairodi isipoendana na mkono wa sospensheni, kila shimo litageuza gurudumu bila idhini ya dereva, na mashimo tunayo. Na jambo moja sitalipamba kwa ajili ya urafiki: shafti ya usukani au tairodi iliyovunjika haichomelewi, hata kama anayeishika mashine ni fundi wa kusifiwa mtaa mzima. Inatafutwa nyingine.

Ushahidi kwamba gari la Kimarekani likifanyiwa kazi ya namna hiyo linaweza kuishi hapa ulikuja mwaka 2009. Safari Classic, mbio za magari ya zamani zilizoanza mwaka 2003 kuadhimisha miaka 50 ya Safari, mshindi wake alikuwa Mkenya Ian Duncan akiendesha Ford Mustang. Duncan huyu ndiye aliyeshinda Safari yenyewe mwaka 1994 kwa Toyota Celica, kwa hiyo bahati haikuhusika sana. Miaka 45 baada ya Comet kuaibika, V8 ilifika mbele ya wote. Baadaye Duncan alirudi kwenye magari mengine, lakini mimi ninaikumbuka Mustang.

Je, Mustang hiyo ilikuwa ya asili? Kwa jaji mkali wa uwanjani, pengine ingepoteza alama. Hoja yake siidharau kabisa, kwa kuwa gari likibadilishwa kila kitu hatimaye hubaki jina na namba ya chesisi. Lakini asili ya gari hapa kwetu inajumuisha yaliyolipata hapa. Reki ya Toyota ndani ya Corolla DX ya mwaka 1981, iliyofungwa na fundi wa Waithaka kwa mabano aliyokereza mwenyewe, ni kumbukumbu ya historia sawa na kibandiko cha kiwanda. Kinachonisikitisha ni kwamba kumbukumbu hiyo haiandikwi popote. Injini ikibadilishwa, angalau kitabu cha gari hurekebishwa. Usukani ukibadilishwa, anayejua ni fundi, na mafundi wanazeeka.

Basi ombi langu ni dogo. Wewe uliye na gari la namna hiyo uani kwenu, kabla hujalipeleka kwa fundi, lipige picha chini na juu. Mwambie fundi akuandikie kwenye daftari reki imetoka gari gani, mabano yamekerezwa wapi, na tarehe. Na lile boksi la zamani lipakwe grisi, lifungwe kwenye gunia, liwekwe stoo. Asije kijana akaliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.