Sahani ya Wali kwa Dola Nne: Wachuuzi wa Chakula wa Singapore na Sisi

Miaka miwili iliyopita nilialikwa Singapore kwenye mkutano wa kitaaluma wa siku nne. Waandaaji walilipa nauli na malazi. Chakula kilikuwa juu yangu. Asubuhi ya kwanza niliitazama bei ya kifungua kinywa pale hotelini, nikaigeuza kuwa shilingi, kisha nikairudisha orodha mezani kwa heshima zote na kunywa maji. Singapore ni miongoni mwa miji ghali zaidi duniani, na mhadhiri wa chuo cha umma anayejitegemea ugenini hulikumbuka jambo hilo kila anapotia mkono mfukoni.

Mchana wake mwenyeji wangu, mwalimu mwenzangu wa historia, alinichukua kwa miguu hadi Maxwell, pembezoni mwa Chinatown. Lilikuwa banda kubwa lililo wazi pande zote, mapangaboi juu, na vizimba safu kwa safu, kila kimoja kikipika chakula cha aina moja au mbili tu. Nilikula wali wa kuku, chakula kilicholetwa na wahamiaji kutoka kisiwa cha Hainan: kuku huchemshwa polepole, na wali hupikwa kwa supu na mafuta ya kuku huyohuyo, pamoja na tangawizi na vitunguu saumu. Nililipa dola tano za Singapore. Meza ya jirani walikaa vijana wa benki wakiwa na vitambulisho shingoni. Nyuma yao, vibarua wa ujenzi. Pembeni, mzee mmoja na gazeti lake. Nje ya banda hilo, hatua chache tu, yalisimama majengo ya ofisi yenye kodi ambayo wengi wetu hatuwezi kuikisia.

Swali lililonikaa kichwani, na ambalo ndilo kiini cha makala hii, ni hili: ilikuwaje chakula kizuri cha bei nafuu kikabaki katikati ya mji ambamo kila hatua ya ardhi ina thamani ya dhahabu? Jibu tulilozoea kulisikia katika semina zetu ni kwamba Singapore ni nchi ya nidhamu na usafi: waliwaondoa wachuuzi barabarani, wakawaweka mahali pamoja, mambo yakanyooka. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni ukweli wa mtu aliyefika baada ya karamu kwisha na kukuta vyombo vimeshaoshwa.

Tangu Waingereza walipoanzisha kituo chao cha biashara kisiwani hapo mwaka 1819, walimiminika watu kutoka kusini mwa China, kutoka India na kutoka visiwa vya jirani. Wengi walikuwa wanaume wasio na familia: makuli wa bandarini, wavuta riksho, vibarua. Walilala katika vyumba vilivyogawanywa kwa mbao mpaka kikabaki kitanda tu. Mtu asiye na jiko hula barabarani. Hivyo wakazuka wachuuzi waliobeba jiko na chakula kwa mzegazega, moto upande mmoja na bakuli upande mwingine, wakipita mitaani wakinadi. Wamalay walichoma satay, ambayo sisi tungeiita mishikaki bila kusita, ingawa wao huichovya katika mchuzi mzito wa karanga. Waislamu wa Kihindi walichukua tambi za Wachina wakazikaanga kwa viungo vyao, na leo mee goreng ya namna hiyo hudaiwa na kila mtu kuwa ni yake. Mwanahistoria anayetafuta ushahidi wa ujirani katika mji wa kikoloni uliogawanywa kwa makabila anaweza kuanzia kwenye sahani hiyo.

Baada ya utawala wa Wajapani wa 1942 hadi 1945, ajira zilikuwa haba na uchuuzi ukawa kimbilio. Mitaro ilijaa mabaki ya vyakula, maji ya kuoshea vyombo yalikuwa ndoo moja kwa siku nzima, na homa ya matumbo haikuwa jambo la ajabu. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliunda tume ya kuchunguza suala la wachuuzi. Tume ile iliona jambo ambalo ningependa kila ofisa wa halmashauri alisome mara mbili: kwamba maofisa wana mwelekeo wa kumwona mchuuzi kwanza kabisa kama kero ya kuondolewa barabarani. Haikusema kwamba wachuuzi hawana kasoro. Ilisema kwamba mtazamo wa ofisi nao una kasoro.

Kazi kubwa ilikuja baada ya uhuru wa 1965. Mpangilio wake ndio unaonivutia. Mwaka 1968 na 1969 wachuuzi waliandikishwa kisiwa kizima na kupewa leseni za muda. Waliandikishwa kwanza, pale pale walipokuwa wakiuzia, kabla vituo vya kuwahamishia havijakuwapo; wengine walisogezwa kwenye vichochoro na viwanja vya kuegeshea magari wakisubiri. Kisha kuanzia 1971 serikali ikajenga vituo vya wachuuzi, vyenye maji ya bomba, umeme, mifereji na mahali pa kutupa taka. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 1986. Kwa hiyo, tangu kuandikishwa mpaka mchuuzi wa mwisho kuingia bandani ilipita miaka 18 hivi. Sisi hutoa notisi ya siku 14.

Vituo hivyo vilijengwa wapi? Hapa ndipo nidhamu na usafi vinaposhindwa kueleza. Vingi vilijengwa katikati ya mitaa mipya ya nyumba za serikali, ambako watu walikuwa wakihamishiwa kwa makumi ya maelfu: soko la mboga, samaki na nyama, na jirani yake vizimba vya chakula. Sheria ya kutwaa ardhi ya mwaka 1966 iliiwezesha serikali kupata ardhi kwa bei nafuu, na kufikia miaka ya themanini sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa mikononi mwa umma. Mwenye banda alikuwa serikali, na serikali iliamua kwamba aliyetolewa barabarani atatozwa kodi ya ruzuku, ndogo kiasi kwamba gharama kubwa ya sahani ilibaki kuwa nyama, mchele na jasho lake mwenyewe.

Haikuwa sadaka. Viwanda vilikuwa vikifunguliwa, wanawake wakiingia kazini kwa wingi, na mwajiri wa kigeni alihitaji mfanyakazi wa mshahara wa kiasi ambaye hata hivyo anashiba. Kodi ndogo ya kizimba ilikuwa, kwa hakika, ruzuku kwa mshahara wa kiwandani. Wala haikuwa hiari. Kikosi maalumu kiliwasaka waliokaidi, mikokoteni ikachukuliwa, na kuanzia uchaguzi wa 1968 hadi 1981 chama tawala kilishikilia viti vyote bungeni, kwa hiyo mchuuzi aliyeona ameonewa hakuwa na mbunge wa upinzani wa kumpelekea kilio chake. Mwaka 1977 Lee Kuan Yew alipotoa miaka kumi mto wa Singapore uwe umesafishwa, wachuuzi wa kando ya mto waliondoka, wakitaka wasitake. Anayetaka kuiga asifiche ukurasa huo.

Nalinganisha, kwa sababu viongozi wetu wenyewe wamezoea kulinganisha. Chinatown Complex, kituo kikubwa kuliko vyote kisiwani, chenye vizimba vya chakula zaidi ya 200, kilikamilika mwaka 1983. Mwaka huohuo Tanzania ilipitisha sheria iliyozaa operesheni ya Nguvu Kazi, na katika Dar es Salaam watu wasio na kile kilichoitwa kazi halali wakakamatwa na kusafirishwa vijijini. Wengi walirudi. Tulikuwa na ardhi ya umma kuwazidi Singapore kwa mbali. Hatukuwa na fedha zao, ni kweli, lakini hata daftari la kuwaorodhesha wachuuzi ili tujue ni wangapi na wanauza nini, tungeweza kulimudu.

Mwisho wa 2021, wamachinga walipoondolewa kwenye hifadhi za barabara, mamantilie aliyekuwa akitupikia wali maharage na mchicha karibu na lango la chuo alionyeshwa eneo jipya. Alikwenda. Alikaa wiki tatu. Eneo lilikuwa limepimwa na kuwekewa bango, lakini bomba la maji lilikuwa mbali, na mteja wa mchana mwenye dakika 30 za kula hawezi kupanda bodaboda kufuata wali wa shilingi 2,000. Sasa huja kabla ya jua kuchomoza na ndoo ya uji na beseni la chapati, anauza kwa kujificha, na saa mbili anakuwa ameondoka. Wanafunzi wangu wanaokosa fedha za kantini hushinda na chapati mbili. Nalitaja hili kwa sababu katika taarifa za utekelezaji mama huyo, nina hakika, anahesabiwa kuwa amehamishwa kwa mafanikio.

Turudi Singapore, kwa kuwa msomaji anayekwenda huko atataka kujua ale wapi. Kwa biriani na chapati wanazoziita roti prata, nenda Tekka, katika mtaa wa Little India. Mkono wangu ulizitambua kabla ya macho. Kwa vyakula vya Kimalay, wali wa nazi wa nasi lemak na rendang, nenda Geylang Serai. Chinatown Complex panda ghorofa ya pili, ambako mwaka 2016 kizimba cha kuku wa mchuzi wa soya kilipata nyota ya Michelin kikiwa kinauza sahani kwa dola mbili. Old Airport Road ndiko wenyeji walikoniambia niende nikitaka kuwaona wao badala ya watalii. Lau Pa Sat, soko la chuma la karne ya 19, ni zuri kulitazama na satay zake za usiku zina harufu ya kumfufua mtu, lakini bei imeshajua kwamba wewe ni mgeni. Ukikuta pakiti ya karatasi za kufutia mikono juu ya meza tupu, usikae: mwenyewe yuko kwenye foleni. Na ukimaliza rudisha trei, kwani tangu 2021 asiyeirudisha anaweza kutozwa faini.

Hata hivyo, nisingependa kuacha picha ya pepo. Baada ya 1986 serikali iliacha kujenga vituo vipya kwa takriban robo karne. Ilitangaza kuanza tena mwaka 2011. Kodi ya ruzuku ilikuwa ya kizazi kile kilichotoka barabarani. Anayeingia leo hushindana kwa zabuni, na ingawa vizimba vingi huenda kwa bei ya wastani, mwaka 2024 kulikuwa na aliyeweka zabuni ya zaidi ya dola 10,000 kwa mwezi kwa kizimba kimoja. Mlaji, kwa upande wake, amelelewa kuamini kwamba chakula cha banda lazima kiwe rahisi, na hununa senti 50 zinapoongezwa. Zamani unafuu ule ulilipiwa na hazina ya umma kupitia kodi ya pango. Sasa sehemu yake kubwa hulipiwa na mpishi, kwa kuamka saa kumi alfajiri na kutopumzika. Umri wa kati wa wachuuzi ni miaka 60. Desemba 2020 UNESCO iliuweka utamaduni wao katika orodha ya urithi wa binadamu, heshima ambayo haipunguzi kodi wala haimleti kijana jikoni.

Siku yangu ya mwisho mwenyeji wangu alinipeleka kwenye kituo kidogo chini ya ghorofa anakoishi. Tulikula kile wanachokiita wali wa bei nafuu: unasimama mbele ya trei nyingi za vyakula, unaonyesha kwa kidole, mama anapakua. Mboga mbili, yai, kipande cha samaki. Dola nne. Kizimba cha jirani kilikuwa kimeshushwa mlango wa chuma, na juu yake karatasi yenye maandishi ya Kichina yaliyoandikwa kwa mkono. Nilimwomba anisomee. Mwenye kizimba, aliyekuwa akiuza tambi za samaki, alikuwa akiwashukuru wateja wake kwa miaka 38, na kuwaomba radhi kwamba magoti yake yamekataa.

Nikamuuliza kama wanawe watakirithi. Alicheka kidogo. Mmoja ni mhasibu, akasema, na mwingine yuko Australia. Kizimba kitarudi serikalini, nacho kitatangazwa kwa zabuni mwezi ujao. Tulirudisha trei zetu, tukaondoka.