Kabla Ufungue Tovuti ya Kazi, Jiulize Nani Atalipa

Nilipomaliza form four, jamaa fulani alinitumia ujumbe kwamba nimechaguliwa kwa kazi ya stoo. Kilichobaki ni mia tano ya usajili tu. Nikatuma kwa M-Pesa. Mnajua iliishia wapi. Namba ilizimwa jioni hiyo hiyo na mimi nikabaki nikimwambia mathe eti bado nangoja simu.

Sasa mimi na beshte yangu tuna tovuti ndogo ya kazi, ya wapishi na mabarista wa Nairobi peke yake. Mwezi wa pili tulikuwa na watafuta kazi 400 na waajiri watatu. Beshte akapiga hesabu: tukiwatoza hao 400 shilingi 50 kila mmoja, hiyo ni 20,000 leo leo. Na kodi ya tovuti ilikuwa inakaribia. Tulizozana usiku mzima. Ndipo nikaamua kuchimba hii biashara ilitoka wapi.

Twende nyuma kabisa, Paris, karibu 1630. Daktari mmoja, Théophraste Renaudot, alifungua ofisi yenye daftari. Mwenye kazi anaandikishwa, anayetafuta kazi anaandikishwa, wanakutanishwa. Ada ilikuwa sarafu ndogo tatu, lakini maskini waliandikishwa bure. Mwaka wa 1631 huyo huyo akaanzisha gazeti, La Gazette. Yaani karibu miaka 400 iliyopita mtu alishaelewa kwamba asiye na kitu humtozi.

Magazeti yakaja yakachukua hiyo biashara. Hapa kwetu mwajiri alilipia nafasi kwenye ukurasa, nasi tukasoma. Wengine hata gazeti hatukununua. Tulisimama kwa muuzaji tukapekua kurasa za kazi hadi akatufukuza. Ona vile pesa ilitembea: yule anayehitaji mfanyakazi ndiye aliyelipa.

1990, kabla intaneti ifike kwa watu wengi, Lloyd Linn na Diane Rickert walianzisha kitu huko California ambacho kilikuja kuitwa Dice. Hawakuweka kazi za kila mtu. Waliweka kazi za mikataba za watu wa kompyuta pekee. Anayetafuta mtu wa programu hakuwa na haja ya kupekua CV elfu moja za madereva na makarani. Huo ndio ujanja wa kona moja ya soko: mwajiri halipii wingi wa watu, analipia kupunguziwa kazi ya kuchuja.

Wakubwa nao wakaja. Jeff Taylor alianzisha The Monster Board 1994, kazi za kila aina, na kufika 1999 Monster ilikuwa inanunua tangazo kwenye fainali ya Super Bowl. Pesa ilikuwa imejaa.

Lakini stori ninayoipenda zaidi ni ya Paul Forster na Rony Kahan. Kabla wafanye Indeed, walikuwa na tovuti ya kazi za mambo ya fedha na benki tu, JobsInTheMoney. Wakaiuza 2003. Mwaka uliofuata wakaanzisha Indeed, na 2012 kampuni ya Japani, Recruit, ikainunua. Ile kubwa unayoijua ilitoka kwa watu waliojifunza biashara kwenye kona ndogo.

Kuna pia 37signals ya Chicago. Hao walikuwa tayari na wasomaji wengi, wabunifu na watu wa programu waliofuata maandishi yao. 2006 wakaanza kuwauzia waajiri nafasi ya kutangaza kazi mbele ya wasomaji hao. Hawakuanza na tovuti tupu wakaomba Mungu watu waje. Watu walikuwepo, tangazo likafuata.

Nisiwadanganye lakini. Kona moja si dawa ya kila kitu. Kampuni za intaneti zilipoanguka baada ya 2000, waajiri wa watu wa kompyuta walikauka, na Dice ikaingia kwenye kesi ya kufilisika 2003 kabla isimame tena. Ukitegemea shamba moja, ukame wake ni wako. Ila ukubwa pia haukuokoa mtu: Monster na CareerBuilder, zikiwa zimeshaungana, zilienda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika Juni 2025.

Nilimsomea beshte haya yote. Akaniuliza swali moja tu: sasa kodi tunalipa na nini? Fair.

Tukaamka tukatembea. Kilimani, Westlands, mkahawa kwa mkahawa, tukiuliza meneja nani amemtoroka wiki hii. Wengi walituangalia vibaya. Tuligundua shida yao si kukosa watu wa kuomba kazi. Shida ni mtu anasema anajua mashine ya kahawa, halafu siku ya kwanza anaichoma. Kwa hivyo tukaanza kuwapigia waajiri wa zamani wa kila anayejiandikisha kabla tuweke jina lake. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo mwajiri analipia. Wa kwanza alituma shilingi 1,500 kwa tangazo la mwezi mmoja. Mwezi huu wamelipa kumi na mmoja. Hatujatajirika, lakini kodi ya tovuti imelipwa na hakuna barista amepoteza hata bob.

Kama unataka kujaribu, chagua fani ambayo unaijua hadi lugha yake: mafundi wa kucha, wauguzi wa nyumbani, maseremala, chochote. Kusanya watu kwanza. Halafu mwendee mwajiri umuulize nini kinampotezea muda. Na siku ukibanwa ukaona hizo mia tano za watafuta kazi zinakuita, kumbuka kuna mtu kule nje anamwambia mamake bado anangoja simu.

Niambie hapo chini, wewe ungechagua kona gani?