Kokwet: Ujirani wa Wakipsigis

Kapsoit, kwenye barabara ya Kericho kwenda Kisumu, iko katika eneo la Wakipsigis nchini Kenya. Hapo maisha yalijengwa juu ya kokwet, yaani ujirani wa kaya za eneo moja. Kwa kuwa koo zilitawanyika, jirani mara nyingi hakuwa ndugu wa damu. Hata hivyo watu walilimiana, wakajengeana nyumba, na wazee wakaketi kusuluhisha magomvi. Huu ni utu wa kuheshimiwa sana.

Dhiki ndiyo iliyoupanua mlango wa ujirani huo. Ugonjwa wa sotoka wa miaka ya 1890 uliteketeza ng'ombe, na nyakati za njaa watoto wa majirani zao Wagusii walipokelewa na kulelewa kama Wakipsigis. Baadhi ya koo za leo zina asili hiyo.

Ukoloni uliwapokonya watu ardhi, chai ikatanda kuanzia miaka ya 1920. Mwaka 1934 sheria ya kikoloni iliamuru Talai, mmoja wa koo za Wakipsigis, uhamishiwe Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Waliorejea wakati wa uhuru hawakurudishiwa ardhi yao, na wengi waliishia kubanana mjini Kericho. Hata hivyo, vijijini moyo wa kokwet uliendelea katika harambee za karo, matibabu na mazishi.