Marikebu Zilizolala Pemba

Kila inaposikika Pemba kwamba marikebu nyingine ya anasa, yenye ghorofa kama mtaa mzima uliosimamishwa juu ya maji, imefika Unguja na kuteremsha wageni wake waende kuutembelea Mji Mkongwe, barazani Wete na Mkoani huzuka maneno yale yale: kwamba zamani marikebu zilikuja hapa, kwamba wakati wa mavuno ya karafuu gatini hapakuwa na pa kuweka mguu, na kwamba si haki kisiwa chenye hori nyingi na maji yenye kina namna hii kiendelee kupitwa usiku na taa za vyombo vya watu wengine. Wasemao hivyo wana sababu ya kusikitika, lakini tarehe ya bahari yetu, ikisomwa kwa utaratibu, haiwapi ushahidi kamili. Kwani marikebu hazikuacha kuja Pemba tangu zama za makhalifa wa Baghdad mpaka leo, na kilichopungua si kuja bali kulala. Chombo huwa na kwao pale kinapotia nanga safari ikiisha, pale mabaharia wanapolipwa ijara zao, pale kinapokalafatiwa na kupakwa deheni, na pale ambapo mwenye chombo ana nyumba na jamaa. Na kwa kipimo hicho Pemba ilikuwa kwao marikebu kubwa zama moja tu, nazo zina miaka elfu.

Ushahidi wa zama hizo tumeachiwa na Abul-Hasan Ali al-Masudi, mwanatarehe aliyezaliwa Baghdad, ambaye alisafiri katika bahari ya Zanji pamoja na manahodha wa Oman na wa Siraf, akiondokea Sohar, na ambaye mara yake ya mwisho kurudi Oman kutoka kisiwa alichokiita Qanbalu ilikuwa mwaka 304 wa Hijria, sawa na 916 au 917 wa Miladi. Mtu huyu hakuwa mgeni wa maji, maana alikwisha kuziona bahari za China, za Rum na za Khazar, na juu ya hayo aliandika kwamba hakupata kupanda bahari yenye hatari kuliko hii yetu, ambayo mawimbi yake huinuka marefu yasivunjike wala kutoa povu. Ajuaye mkondo ulio baina ya Nungwi na Pemba hatabisha. Lakini lenye maana zaidi kwa bahathi yetu ni habari aliyoiambatisha, kwamba Qanbalu ilikaliwa na Waislamu waliosema lugha ya Kizanji, na kwamba vyombo vya Oman katika bahari hiyo vilikoma Qanbalu na Sofala. Basi Qanbalu haikuwa kituo cha kuchotea maji na kuendelea. Ilikuwa mwisho wa njia. Chombo kilichosukumwa na kaskazi hakikuwa na hila ya kurudi mpaka kusi ianze kuvuma, na katika miezi hiyo ya kungoja nahodha alipanga nyumba, akauza nguo na vyombo vya kauri, akanunua pembe, na aghalabu akaoa.

Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba Qanbalu ndiyo Ras Mkumbuu, ule ulimi mwembamba wa nchi unaotoka magharibi ya Chake Chake, ambako magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yamesimama mpaka leo baina ya minazi na mashamba ya mihogo. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba pale katika miaka ya 1950, na Mark Horton akarudia katika miaka ya 1980, akakuta chini ya msikiti ule mabaki ya jengo la ibada la zamani zaidi. Mwaka 1984 Mtambwe Mkuu, upande wa pili wa maji ukisimama Wete, ilifukuliwa akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa pwani hii hii, pamoja na chache za dhahabu, na miongoni mwa hizo zimo za Makhalifa wa Kifatimi. Mwenye kuzika mali kama ile si mpita njia. Mwanajiografia Yaqut naye, katika karne ya 13, aliitaja al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani, na miji yake miwili, ambayo majina yake yanafanana mno na Mtambwe na Mkumbuu hata mtu akashindwa kuyatenga.

Karne zilizofuata nitazipita upesi, si kwa kuwa hazina mambo, bali kwa kuwa mambo yake yalikuwa ya kutwaliwa na kutozwa: Kilwa na kisha Mombasa zikawa juu, Wareno wakaja, Mazrui waliotawala Mombasa wakakifanya kisiwa kuwa ghala la chakula cha mji huo, na mwaka 1823 majeshi ya Seyyid Said bin Sultan yakawaondoa. Tangu siku hiyo Pemba ikawa chini ya Unguja, na Unguja ikawa mlango. Hili halikuletwa na upepo wala kina cha maji. Lililetwa na forodha. Ushuru wa dola ulikusanywa mjini Unguja, wenye mitaji wa Kihindi walikaa Unguja, mabalozi wa Marekani, Uingereza na Ufaransa walikaa Unguja, na kila gunia lililotoka Pemba lilikuwa halijauzwa mpaka lipite pale.

Kisha ikaja tufani. Mwezi wa Aprili 1872 dhoruba iliyopata kuonekana mara chache katika latitudo zetu iliipiga Unguja, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake na kuzamisha vyombo bandarini, hali Pemba ilisalimika karibu yote. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba wakavuka mkondo kwa haraka kupanda Pemba, ambako udongo ni mzito na mvua ni nyingi. Na kwa muda usiozidi umri wa mti mmoja kisiwa hiki kikawa ndicho kinachotoa karafuu nyingi za dunia. Haifai kulisema hilo kwa fahari na kunyamaza, kwani mikono iliyopanda na kuchuma ilikuwa ya watumwa. Seyyid Barghash alitia saini mwaka 1873 mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na papo hapo haja ya Pemba ikazidi, hata majahazi yakawa yanaingia usiku katika hori zisizo na taa. Waingereza wakaiweka manowari London bandarini Unguja tangu 1874 hadi 1883, mashua zake zikizunguka Pemba kuvizia. Na mwezi wa Disemba 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa katika maji ya Pemba alipotaka kukikagua chombo kilichopeperusha bendera ya Kifaransa. Utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria katika milki ya Unguja na Pemba mpaka Aprili 1897.

Wakati huo huo marikebu za moshi zilikwisha kufika pwani. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869. Kampuni ya British India ikaanza kuleta barua kutoka Aden mwaka 1872. Wajerumani wakafuata kwa laini yao ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Na baadaye marikebu za Union-Castle zikawa zinaizunguka Afrika nzima, mpaka safari hiyo ilipokomeshwa 1962. Zote hizi ziliifanya Unguja kituo, si Pemba, ijapokuwa harufu ya Pemba ndiyo iliyojaa katika matumbo yao. Karafuu zilianikwa kwenye majamvi ya Wete na Mkoani, zikatiwa magunia, zikapelekwa Unguja kwa jahazi au kwa marikebu ndogo ya serikali, na huko ndiko zilikopata jina na bei.

Marikebu hizo ndogo za serikali ndizo wazee wanazozikumbuka wasemapo kwamba zamani marikebu zilikuja. Zilikuwapo Al-Said na Al-Hathera kabla ya Vita Kuu ya Pili, na Seyyid Khalifa baada yake, na mzunguko wao haukuwa na siri: kuondoka Unguja, kupita mkondo, kufika Mkoani, kisha Chake, kisha Wete, na kurudi. Chake, ingawa ndio mji wa kati na makao ya utawala, hori yake ilikwisha kujaa tope zamani, kwa hiyo chombo kikubwa kilikaa mbali na watu wakamalizia kwa mashua kwa kufuata maji kujaa. Na aliyeshuka wakati wa maji mafu alijua maana ya subira. Wete palikuwa pazuri zaidi, maana ghuba yake imezungukwa na visiwa na haiingiwi na mauja, na ndiyo iliyopokea sehemu kubwa ya karafuu za kaskazini. Kwa hivyo siku ya marikebu ilikuwa siku ya soko, ya barua, ya mgonjwa kusafirishwa na ya bwana arusi kuwasili, na mtu akisimuliwa hayo leo huona kweli kwamba Wete ilikuwa bandari. Ilikuwa bandari, lakini marikebu ilipomaliza kupakia ilipiga honi ikaenda kulala Unguja. Hata ile Seyyid Khalifa, ambayo Januari 1964 ilimchukua Sultan Jamshid bin Abdullah akikimbia mapinduzi, ilikuwa gatini Unguja siku ilipohitajiwa.

Serikali mpya ilikuwa na vyombo vyake, Jamhuri, Mapinduzi na Maendeleo, na desturi haikubadilika. Kilichobadilika ni karafuu. Indonesia, ambayo sigara zake za kreteki ndizo zilizokuwa zikinunua shehena kubwa kabisa ya Zanzibar, ilipanda mikarafuu yake yenyewe mpaka katika miaka ya 1980 ikawa haina haja tena ya yetu. Bei ikaporomoka, mikarafuu ikazeeka bila kupandwa mingine, na marikebu iliyokuwa ikingojea magunia ikawa haina la kungojea. Karafuu zilizobaki, kwa kuwa zilipaswa kuuzwa kwa shirika la serikali peke yake na kwa bei ya shirika, zilijifunza njia nyingine, na ngalawa na mashua zikawa zinazivusha usiku kwenda Kenya. Mwenye kutaka kujua hori za Pemba zina kina gani na huingika saa ngapi, asimwulize mhandisi. Amwulize mtu wa magendo. Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana bei ya mkulima, na biashara ile ikapoa.

Mwaka huo huo ndio uliotuumiza. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, marikebu Spice Islander I iliyotoka Unguja kwenda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi, nayo, yenye idhini ya abiria wapatao 600, ilikuwa imebeba watu ambao tume ya uchunguzi iliwahesabu kuwa zaidi ya 2,000. Mwaka haukutimia ikazama Skagit, Julai 2012, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Sitaki kuyarefusha haya, kwani hakuna mtaa wa Pemba usiokuwa na jina la kulitaja. Nasema tu kwamba watu hawajazi chombo kupita kiasi kwa kupenda, wanakijaza kwa kuwa hawajui cha pili kitaondoka lini. Mwishoni mwa 2015 ikaletwa Mapinduzi II, iliyoundwa Korea ya Kusini kwa abiria 1,200, na boti za kampuni binafsi nazo zikaongezeka. Nyingi huishia Mkoani, ambako kina kiko karibu na nchi, na Wete imebaki na majahazi, vyombo vya Tanga, na kumbukumbu.

Sasa tuje kwenye marikebu za anasa. Mfano wa karibu wa chombo cha namna hiyo kuwa na kwao katika pwani yetu ni Royal Star, ambayo katika miaka ya 1990 kampuni ya African Safari Club iliifanya iondokee Mombasa na kurudi Mombasa, ikipeleka watalii Unguja, Shelisheli na Bukini. Na haina budi kwamba kila ilipokwenda Unguja iliacha Pemba ubavuni. Baadaye wanyang'anyi wa Kisomali wakaifanya bahari hii ya kuogopwa: Aprili 2009 waliishambulia kwa risasi marikebu ya watalii MSC Melody kaskazini ya Shelisheli, na kampuni nyingi zikageuza njia. Hofu hiyo ilipopungua ikaja maradhi ya 2020, na baada yake mashambulio ya Wahouthi katika Bahari ya Sham tangu mwisho wa 2023, ambayo yalizifanya marikebu nyingi kuizunguka Afrika kwa kusini, kama zilivyofanya Union-Castle. Balaa la wengine likazileta mlangoni petu, lakini mlango ni ule ule: azma ya serikali ni kuhamishia shehena Mangapwani ili bandari ya Malindi iachiwe abiria, na mahali hapo pote pawili pako Unguja.

Rai yangu ni kwamba marikebu ya watu 3,000 haitakuja Pemba, wala Pemba isiitamani, maana miji yake haina pa kuwaweka watu hao kwa saa sita, na Misali, kisiwa kilichohifadhiwa tangu 1998, kingekanyagwa kikaisha. Lakini vyombo vya watu mia moja au mia mbili, ambavyo husafiri kwa ajili ya matumbawe, magofu na ndege, vina kila sababu ya kutia nanga Mkoani au Wete, vikiweza kutoka Mombasa au Shelisheli na kumalizia uhamiaji na forodha hapo hapo bila kwanza kwenda kuinamia Unguja. Mlango mdogo wa bahari wa namna hii haugharimu gati jipya. Unagharimu ofisi yenye watu na mamlaka, jambo ambalo kwa miaka mia mbili limekuwa gumu zaidi ya kujenga gati.

Na kabla ya mgeni kuna mwenyeji. Chombo kimoja tu cha abiria kikipangiwa kulala Mkoani, mabaharia wake wakiwa watu wenye nyumba Kangani na Chokocho, na kikaondoka alfajiri kwenda Unguja na kurudi jioni, mgonjwa wa Micheweni atafika hospitali ya Mnazi Mmoja mchana na mfanyabiashara wa Chake atanunua bidhaa zake asilipie malazi ya mjini. Hilo halihitaji kampuni ya Genoa wala ya Miami, linahitaji ratiba kupinduliwa.